"Kadenge na Mpira": Njeo, Kandanda na Falsafa ya Wakati ya John Mbiti

Mwaka 1969 John Samuel Mbiti, mzaliwa wa Mulango huko Kitui, alichapisha kitabu chake African Religions and Philosophy. Katika kitabu hicho chote, hakuna sura iliyozua mjadala mrefu kama ile inayohusu wakati. Dai lake lilikuwa kwamba, kwa Mwafrika wa jadi, wakati ni mfuatano wa matukio, na kipindi kisichokuwa na tukio si wakati kamwe. Wakati una pande mbili, Sasa na Zamani. Matukio hutoka katika Sasa yakarudi nyuma na kuzama katika Zamani, na upande wa mbele ni mfupi mno, kwa kuwa jambo ambalo halijatukia haliwezi kuhesabiwa kuwa sehemu ya wakati, isipokuwa lile ambalo maumbile yenyewe yatalileta, kama vile mvua, mavuno au kuchwa kwa jua. Ushahidi wake mkuu ulikuwa jedwali la njeo tisa za kitenzi cha Kikamba, lugha yake ya mama. Njeo tatu kati ya hizo ni za wakati ujao, na ile inayofika mbali zaidi haivuki miezi sita hivi.

Mambo mawili yanapaswa kumvutia mhakiki wa fasihi katika hoja hiyo, ingawa wanafalsafa wameyapita haraka. La kwanza ni kwamba ushahidi ni wa kisarufi: falsafa ya jamii nzima inasomwa kutoka katika viambishi vya kitenzi. La pili ni kwamba istilahi mbili zinazoibeba nadharia ni maneno ya Kiswahili yaliyopandikizwa katika kitabu cha Kiingereza, ili mawazo ya Kizungu kuhusu wakati yasiingie pamoja na msamiati wake. (Kinaya ni kwamba "zamani" lenyewe lina asili ya Kiarabu, ambako shina lake humaanisha wakati kwa jumla, uwe uliopita au usiopita.)

Makala haya yanaichukua nadharia hiyo hadi kwenye kiwanja cha kandanda. Jedwali la sarufi huonyesha vitenzi vikiwa vimelala, ilhali mazungumzo ya mpira huvionyesha vikiwa kazini. Mtangazaji, shabiki na msimulizi wa mechi ya jana hupita katika njeo zote za lugha kwa muda wa saa mbili tu, tena mbele ya wasikilizaji wanaojua kilichotokea na ambao hawatavumilia kosa. Kama sarufi kweli ni dirisha la kuingilia katika fikira za watu kuhusu wakati, basi hapa ndipo dirisha lilipo wazi zaidi. Hoja itakayotetewa ni kwamba alichokiona Mbiti kipo, lakini ni sifa ya utanzu wa usemi, wala si sifa ya kabila.

Nadharia ya Mbiti haikuzaliwa kwenye darasa la falsafa. Ilitokana na utafiti wake wa shahada ya uzamivu huko Cambridge, aliyoipata mwaka 1963, ambao ulikuja kuchapishwa mwaka 1971 kama kitabu juu ya mafundisho ya siku za mwisho katika Agano Jipya. Humo alichunguza jinsi Wakamba walivyoyapokea mahubiri ya wamisionari kuhusu kurudi kwa Kristo. Alihitimisha kuwa mhubiri alizungumzia wakati ujao ulio mbali, naye msikilizaji, asiyekuwa na njeo ya kuubeba, akausikia kama jambo la kesho kutwa. Kwa hiyo swali la wakati ujao katika Ukambani lilikuwa, tangu mwanzo, swali la kama watu wawili wanaozungumza wanasikilizana. Mbiti hakuliacha katika maisha yake yote: tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kikamba, aliyoifanya moja kwa moja kutoka Kigiriki, ilitoka alipokuwa amekwisha kupita umri wa miaka 80. Alifariki mwaka 2019.

Wapinzani wake walikuwa wengi. Kwame Gyekye (1987) alionyesha kwamba Waakan wa Ghana wana msamiati wa wakati ujao usio na upungufu wowote, na kwamba ushahidi wa lugha mbili za Kenya hauwezi kulibeba bara zima. Paulin Hountondji (1976) alikwenda mbali zaidi na kukataa mtindo wote wa kuwapa watu, kwa pamoja, falsafa moja ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeitamka. Mtindo huo ndio unaoitwa ethnofilosofia. Okot p'Bitek naye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliwashutumu wasomi wa Kiafrika, Mbiti akiwemo, kwa kuivika miungu ya Waafrika mavazi ya Kigiriki. Jambo ambalo husahaulika katika kuusimulia ugomvi huo ni kwamba Okot alikuwa mwanakandanda. Alikwenda Uingereza mwaka 1956 kama mchezaji wa timu ya taifa ya Uganda, na timu iliporudi nyumbani yeye akabaki kusoma. Haitakuwa haki kudai kwamba hoja zake zilitoka kiwanjani. Hata hivyo, mtu aliyewahi kucheza katika timu anajua kuwa "timu inafikiri hivi" ni kauli ya mtu aliyekaa jukwaani.

Kiswahili kinacho kiambishi maalumu cha kauli za namna hiyo, nacho ni hu-. "Wabrazili hucheza kwa madaha." "Wajerumani hawakati tamaa, hupigana hadi dakika ya mwisho." "Timu za Afrika huchoka kipindi cha pili." Kila mtangazaji ana akiba ya sentensi hizi kwa ajili ya nyakati ambapo mpira umetoka nje na hakuna la kutangaza. Kisarufi, hu- ina tabia ya ajabu: haipokei kiambishi cha nafsi wala haitaji wakati. Anayetenda hupotea katika umbo la kitenzi, na siku ya kutenda hupotea pamoja naye. Bila mtu na bila siku, kauli haiwezi kukanushwa na mechi yoyote. Ujerumani ilipoifunga Brazil mabao 7 kwa 1 huko Belo Horizonte tarehe 8 Julai 2014, wale "wanaocheza kwa madaha" walibaki wakicheza kwa madaha katika midomo ya watangazaji wiki iliyofuata. Ethnofilosofia nzima, ikitafsiriwa kwa Kiswahili, ingeandikwa kwa hu-: Waafrika huamini, Waafrika huogopa, Waafrika hawajali kesho. Hountondji angepata katika kiambishi hiki kimoja hoja ambayo aliihitaji kitabu kizima.

Lakini kuikataa hu- si kuikataa nadharia yote. Kandanda lenyewe linampa Mbiti ushahidi ambao hakuwahi kuutumia. Sheria ya mchezo inaweka dakika 90, na saa ya refa, tofauti na ile ya mpira wa vikapu, haisimami. Mchezaji akianguka, akibadilishwa, au akichelewesha kurusha mpira kwa makusudi, dakika huendelea kupita. Mwishoni mwa kipindi refa huzirudisha. Dakika za nyongeza ni ungamo la sheria kwamba dakika zilizopita bila mchezo hazikuwa dakika. Tarehe 21 Novemba 2022, katika mechi ya Uingereza na Iran kwenye Kombe la Dunia huko Qatar, kipindi cha kwanza kiliongezwa dakika 14, hasa kwa sababu mlinda lango wa Iran alikuwa ameumia. Kipimo cha saa kilisema dakika 45 zimekwisha. Kipimo cha matukio kilikataa, na refa akakifuata cha pili. Wakati bila tukio si wakati: kauli iliyosemwa kuwa ni ya Waafrika wa jadi imo katika kanuni zinazotungwa na bodi ya kimataifa ambayo chimbuko lake ni vyama vinne vya Uingereza.

Katika vijiji vya Kitui na Makueni, hali hiyo huonekana bila refa. Nchi hizo ziko karibu na ikweta, kwa hiyo jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima, na mechi ya jioni katika uwanja wa shule huanza joto likipungua na kwisha mpira usipoonekana tena. Watoto wanaocheza kwa mpira wa matambara na mifuko ya nailoni hawana hata hilo. Wao hucheza hadi bao la tano au la kumi, au hadi mwenye mpira aitwe nyumbani. Saa yao ni matukio matupu, na hakuna picha safi zaidi ya wakati aliouelezea Mbiti. Ila watoto wa Rio na wa Liverpool wanacheza kwa saa hiyohiyo. Kinachowaunganisha watoto hawa ni mchezo, na mtu anayetoka kwenye mchezo huo kwenda kupanda basi la saa kumi na mbili asubuhi hubadilisha saa bila kubadilisha kabila.

Utangazaji unaonyesha mabadiliko hayo sekunde kwa sekunde. Njeo yake ya msingi ni -na-: anauchukua, anatazama, anampa mwenzake. Ni Sasa ya Mbiti katika umbo lake jembamba kabisa, kwa sababu kila kitenzi huzeeka kabla sentensi haijakamilika. Tukio likitimia, -na- humpisha -me-: amempita, amepiga, amefunga! Kisha, katika marudio na katika masimulizi ya baadaye, huingia -li- na hasa -ka-, kiambishi cha mtambaji wa hadithi: akageuka, akamzunguka beki, akautia wavuni. Tukio moja limesafiri kutoka -na- hadi -ka- kwa muda usiozidi dakika moja, safari ileile ambayo Mbiti aliihesabu kwa vizazi.

Kiambishi -me- kinastahili kuangaliwa zaidi. Hudai kwamba jambo limekamilika na matokeo yake yapo. Asubuhi ya Jumapili tarehe 1 Agosti 1982, Leonard Mambo Mbotela, mmoja wa watangazaji waliopendwa zaidi wa mpira katika Sauti ya Kenya, alilazimishwa na askari waasi kulitangazia taifa kwamba serikali imepinduliwa. Ilikuwa sauti iliyozoeleka na kuaminika, na njeo ya bao lililokwisha kuingia. Lakini siku hiyohiyo uasi ulizimwa. Tangu Kombe la Dunia la 2018, lilipoanza kutumia video ya kumsaidia mwamuzi, kila bao limekuwa na wasiwasi wa aina hiyo. Mtangazaji husema "amefunga", uwanja hulipuka, kisha refa hutia kidole sikioni. Kwa dakika mbili au tatu tukio halimo katika Sasa wala katika Zamani. Mbiti hakuacha nafasi ya tukio lililotukia na kisha likahukumiwa kuwa halikutukia.

Hata hivyo, usemi maarufu kuliko yote katika historia ya utangazaji wa mpira nchini Kenya hauna njeo yoyote. "Kadenge na mpira", usemi unaohusishwa na utangazaji wa Mbotela, uliotokana na Joe Kadenge, mshambuliaji kutoka magharibi mwa Kenya aliyetamba katika miaka ya 1960, ni sentensi isiyo na kitenzi. Haimo katika safu yoyote kati ya tisa za jedwali. Mtangazaji aliona mchezaji mmoja akiushikilia mchezo kwa muda mrefu hivi kwamba hapakuwa na tendo jipya la kutaja. Akaliacha jina, akaliacha neno mpira, akaviunganisha kwa "na", akarudia. Msikilizaji wa redio, awe Nairobi au Mwingi, hakuona upungufu wowote katika sarufi hiyo. Aliuona mpira.

Ule "na" ni mdogo lakini umebeba falsafa. Unaweza kuwa kiunganishi, Kadenge pamoja na mpira, vitu viwili sawa kwa sawa. Au unaweza kuwa kifupi cha "ana mpira". Kiswahili hakina kitenzi cha kumiliki kinachotumika katika mazungumzo ya kila siku. Husema "kuwa na", yaani kuwa pamoja na kitu, na Kikamba hufuata njia hiyohiyo. Katika mambo mengi huo ni upekee wa sarufi tu na usifanyiwe makuu. Lakini katika kandanda unakuwa ukweli kamili. Mchezo huu umekataza mikono. Mchezaji, isipokuwa mlinda lango katika eneo lake, haruhusiwi kuushika mpira, kuukumbatia wala kuuficha. Anaweza tu kuwa karibu nao, akiuacha na kuufikia tena kila hatua. Takwimu za kisasa huita hali hiyo "umiliki" na kuipa asilimia. "Kadenge na mpira" ni maelezo sahihi zaidi: mtu yuko na mpira, hadi hapo mpira utakapokuwa na mwingine.

Hapa ndipo Mbiti anapokutana na Jean-Paul Sartre, jambo ambalo huenda lingewashangaza wote wawili. Mbiti aliuweka utu wa mtu mmoja katika utu wa jamii yake: mtu yupo kwa sababu wengine wapo. Sartre, katika kitabu chake cha mwaka 1960 juu ya hoja ya kidayalektiki, alitumia timu ya kandanda kueleza jinsi kazi ya kila mmoja katika kundi inavyofafanuliwa na kazi za wengine, hivi kwamba pasi ya mchezaji hupata maana yake mguuni mwa anayeipokea. Tofauti ni kwamba Sartre hakusahau kwamba kuna timu ya pili. Jamii ya Mbiti haina wapinzani. Ni timu inayocheza peke yake uwanjani, na ndiyo maana inaonekana kupatana vizuri mno. Mechi ya Kenya na Morocco tarehe 10 Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN, inatosha kuwa mfano. Kenya ilishinda kwa bao moja la Ryan Ogam, nayo ikacheza kipindi chote cha pili ikiwa na wachezaji 10. Umoja uliosifiwa usiku ule haukuwepo kabla ya mechi ukisubiri kuonyeshwa. Ulitengenezwa na Wamorocco waliokuwa wakishambulia.

Limebaki suala la -ta-, na hapo ndipo jambo zito lilipo. Kitui na Makueni zenyewe zina jibu la kale kwa dai kwamba Mkamba hana wakati ujao ulio mbali. Husimuliwa kote Ukambani habari za Syokimau, nabii mwanamke aliyetabiri kuja kwa nyoka mrefu atakayepita nchini, na watu wa rangi ngeni. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, ikafika Nairobi mwaka 1899. Utabiri wa namna hiyo hauwezi kuingia katika miezi sita. Mtetezi wa Mbiti atajibu, naye hatakosa hoja, kwamba utabiri huo unafahamika kwa njia ya simulizi zinazosemwa baada ya reli kufika: ni -ta- iliyomezwa ndani ya -li-, wakati ujao wa mtu aliyekwisha kuwa Zamani. Lakini jibu hilo linathibitisha jambo ambalo Mbiti alilikana. Jamii inayohifadhi hadithi ya mtu aliyeona mbali inajua kwamba kuona mbali kunawezekana, na inakuthamini.

Kinachoitishia -ta- ya mbali leo hakitoki katika sarufi ya Kikamba. Tangu katikati ya miaka ya 2010, kamari ya mpira kwa simu imeenea nchini hadi kwenye masoko madogo, Wote na Kitui mjini yakiwemo. Lugha imeipa jina zuri kuliko inavyostahili: orodha ya mechi ambazo mtu ameziwekea pesa inaitwa mkeka. Mkeka wa kweli ni kazi ya siku nyingi. Chane hukatwa na kutiwa rangi, ukili husukwa, kisha hushonwa mshono kwa mshono. Mkeka wa simu husukwa kwa dakika tatu, nao ukikosa mechi moja tu kati ya kumi, husemwa "umechanika". Kila mstari wake ni sentensi ya -ta-: timu hii itashinda, ile itatoka sare. Wanafalsafa waliobishana na Mbiti walitaka kuthibitisha kwamba kijana wa Ukambani anao wakati ujao kama mtu mwingine yeyote. Kampuni za kamari hazikubishana naye. Zilichukua -ta-, zikaipa bei, na kuifupisha hadi Jumamosi jioni.

Msimu wa ligi huchukua miezi tisa au kumi, zaidi ya safu yoyote ya jedwali la Mbiti. Shabiki wa kawaida huubeba bila shida. Hungoja, huhesabu pointi, husema "mwakani". Mwenye mkeka hana mwakani. Hana hata msimu, kwa sababu hana timu: Jumamosi hii anaiombea Arsenal na Jumamosi ijayo anaiombea ifungwe. Wakati wake ujao umekuwa mfupi kuliko ule wa mkulima wa Mutomo anayengoja mvua za Novemba. Nadharia iliyokosea mwaka 1969 kuhusu babu inaelekea kuwa kweli kuhusu mjukuu, na sababu yake haihusiani hata kidogo na mila.

Mbiti alifundisha kwamba marehemu hubaki katika Sasa maadamu yuko mtu hai aliyemjua kwa sura na jina. Huyo ni mfu aliye hai. Wa mwisho kumkumbuka akifa, naye huzama katika Zamani pamoja na wasio na majina. Joe Kadenge alifariki mwezi Julai 2019, miezi michache kabla ya Mbiti mwenyewe, na Mbotela akafuata Februari 2025. Waliomwona Kadenge akicheza wanapungua kila mwaka. Lakini usemi umewapita: watu ambao hawakuwahi kumwona, na pengine hawajui kwamba alikuwa mtu, bado husema "Kadenge na mpira" wanapomwona yeyote anayekataa kutoa pasi. Jina limebaki bila sura, bila kumbukumbu, na bila kitenzi.